Pilipili kali za mashindano ndani ya nyumba: mwongozo kamili wa kilimo hai

Sahani yenye pilipili sita za wastani zinazofanana kama mapacha huishinda sahani yenye mbili kubwa ajabu na nne za kawaida. Wengi hulijua hili wakiwa wameshachelewa, kwa sababu kufanana hakupatikani siku ya kuchuma. Kunatokana na umri: matunda yaliyofunga ndani ya siku zilezile chache, kwenye matawi yenye nguvu sawa, chini ya mwanga uliosambaa sawa. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa inalenga hapo.

Mfano wetu ni habanero, jamii ya Capsicum chinense, ndani ya hema la kuoteshea lenye upana wa mita 1.2 kwa 1.2 na kimo cha mita 2. Humo hukaa mimea minne. Mitano inaingia, lakini mmoja utaishi kwenye kivuli cha wenzake, na matunda yake hayatafanana na ya wengine.

Soma kanuni, kisha hesabu kurudi nyuma

Kabla ya kununua mbegu, soma ratiba ya shindano. Inataka matunda mangapi kwa sahani? Mabichi au yaliyoiva? Yabaki na vikonyo? Aina moja au mchanganyiko? Sahani inayotakiwa kuwa na sita ikiwekwa saba huondolewa bila hata kukaguliwa, na hakuna makosa yanayouma kama hayo.

Mashindano ya ukali ni mchezo mwingine. Kipimo chake kina jina la Wilbur Scoville, aliyekibuni mwaka 1912 kwa kutumia ndimi za waonjaji. Leo maabara hupima kapsaisini yenyewe, kemikali inayoleta ukali, kwa kromatografia, njia ya kutenganisha kemikali. Rekodi ya Guinness iliyotangazwa mwaka 2023 ni ya Pepper X, wastani wa vipimo vya Scoville 2,693,000. Habanero ya kawaida huchezea kati ya 100,000 na 350,000, kwa hiyo mbegu ndiyo inayoamua kiwango cha ukali kabla mkulima hajagusa udongo.

Kwa habanero iliyoiva, panda mbegu siku 165 hadi 170 kabla ya shindano. Kuota kwa kawaida huchukua wiki mbili au zaidi, mche hufikia maua ya kwanza karibu siku ya 75 hadi 80, na tunda huhitaji siku 50 hadi 65 kutoka kufunga hadi kukolea rangi. Maua unayoyataka basi ni yale yatakayofunguka siku ya 95 hadi 107 hivi. Yanayotangulia hapo yote yanakatwa. Aina za Capsicum annuum, kama jalapeno na cayenne, huota na kukua haraka zaidi. Wiki nne hadi tano hupunguzwa kwenye hesabu hiyo.

Mbegu na miche

Panda mbegu mara tatu ya miche unayohitaji. Kwa mimea minne, mbegu 12. Zizame milimita 5 tu kwenye mchanganyiko mwepesi usio na mbolea nyingi, joto la udongo likiwa nyuzi 27 hadi 30. Chini ya nyuzi 20 mbegu za chinense hukaa tu, zikisubiri au zikioza. Baadhi huota siku ya 8, nyingine siku ya 25, usifukue kuangalia.

Mara mche unapochomoza, toa kifuniko. Unyevu uliofungiwa ndio huleta kinyausi: shina hunywea usawa wa udongo kama uzi uliobanwa, na mche hulala chini usiku mmoja. Hauna tiba. Kinga yake ni udongo usiolowana juu, hewa inayotembea na kumwagilia kutokea chini ya trei.

Miche ikifika majani manne ya kweli, hamishia kwenye vyungu vya lita moja. Hapa ndipo uteuzi unapofanyika, na inabidi uwe na roho ngumu. Chagua minne inayolingana kimo, unene wa shina na umbali kati ya pingili. Mche mrefu kuliko wote usikutamanishe: utaivisha kabla ya wenzake, na matunda yake hayatapata wa kulinganishwa nayo.

Udongo: kazi ianze mwezi mmoja kabla

Kwenye kilimo hai mmea haulishwi moja kwa moja. Vijidudu vya udongo ndivyo huyeyusha chakula, na vinahitaji muda. Kiasi hiki hutoa takribani lita 100, zinazotosha vyungu vinne vya kitambaa vya lita 23 hadi 25:

- kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi) iliyoandaliwa, lita 35
- mbolea ya minyoo au mboji iliyoiva vizuri, lita 30
- pumisi (jiwe jepesi la volkano) au makapi ya mpunga, lita 35
- mashudu ya mwarobaini, mililita 400
- unga wa maganda ya kamba au kaa, mililita 400
- unga wa mwani, mililita 300
- unga wa mifupa, mililita 200
- jasi (madini yenye kalisi), mililita 250
- vumbi la mwamba wa volkano, lita 2

Kokopiti ina tabia ya kushika kalisi na kuachia potasiamu na chumvi. Isipoandaliwa, mmea utalia njaa ya kalisi hata kama jasi imejaa. Iloweke usiku kucha kwenye maji yenye gramu 2 za jasi kwa kila lita, ichuje, kisha isuuze mara moja. Chokaa ya kilimo haihitajiki hapa, kwa sababu kokopiti haina uchachu mkali. Ukitumia piti ya kawaida badala yake, ongeza mililita 400 za dolomiti, yaani chokaa yenye magnesiamu. Lengo ni pH (kipimo cha uchachu) ya 6.2 hadi 6.8.

Mboji ndiyo sehemu inayodanganya kuliko zote. Ikinuka amonia, haijaiva. Hatari iliyojificha zaidi ni samadi ya mifugo iliyokula majani yaliyopuliziwa viua-gugu vya jamii ya aminopiralidi, ambavyo hupita tumboni mwa ng'ombe na kwenye lundo la mboji bila kuharibika. Kabla ya kuchanganya, jaza vyungu vitatu na mboji hiyo, panda maharage na uyatazame kwa wiki tatu. Majani mapya yakijikunja kama kikombe na kubana mishipa, mboji hiyo haifai kwa pilipili, hata kama inanukia msitu.

Changanya vyote, lowanisha mpaka konzi ukiikamua itoe tone moja au mawili tu, funika kwa gunia na ugeuze kila wiki. Siku za kwanza rundo hupata joto. Likipoa na kunukia udongo baada ya mvua, kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne, liko tayari. Ukihamishia miche kabla ya hapo, ncha za majani huungua na mizizi hugeuka rangi ya kahawia.

Neno kuhusu maganda ya ndizi, kwa vile hayakosekani kwenye mazungumzo ya potasiamu: kuyaloweka kwenye ndoo hutoa maji yenye lishe kidogo na vijinzi wengi. Yatupie minyoo, yatarudi yakiwa na faida. Majivu nayo yana potasiamu ya kweli, lakini hupandisha pH haraka. Kwenye chungu kidogo ni rahisi kuharibu mambo.

Mwanga na hewa

Pilipili haihitaji giza refu ili itoe maua, kwa hiyo ratiba ya saa 16 za mwanga na 8 za giza hufaa kuanzia mche hadi mavuno. Kinachobadilika ni nguvu. Miche hutaka mikromoli (kipimo cha mwanga unaofika kwenye majani) 150 hadi 250 kwa mita ya mraba kwa sekunde. Mimea yenye maua na matunda hutaka 400 hadi 500. Kujua jumla ya siku, zidisha namba hiyo kwa saa za mwanga, kisha kwa 0.0036. Kwa 400 na saa 16 unapata moli 23, kiasi kizuri kwa pilipili inayozaa.

Kwa eneo letu, taa ya LED inayovuta wati 280 hadi 300 inatosha, ikiwa sentimita 40 hadi 50 juu ya majani. Pima pembe nne na katikati. Pembe zikipata nusu ya katikati, pandisha taa au tumia taa yenye pau ndefu zilizotandazwa badala ya moja iliyokusanyika. Kisha geuza kila chungu robo mzunguko kila siku mbili. Ni kazi ya dakika moja, na bila hiyo upande mmoja wa mmea huzaa matunda mapana na mwingine membamba.

Joto la mchana liwe nyuzi 24 hadi 28, la usiku 18 hadi 21. Unyevu wa hewa: asilimia 65 hadi 75 kwa miche, 55 hadi 65 wakati wa maua. Hema hili lina mita za ujazo 2.9 hivi, kwa hiyo feni ya kutoa hewa yenye uwezo wa mita za ujazo 200 kwa saa hubadilisha hewa yote takribani kila dakika. Ongeza feni ndogo ya ndani. Majani yatikisike kidogo, yasipigwe upande mmoja siku nzima.

Maji

Ukiona mmea umelegea saa nne asubuhi, tia kidole udongoni kabla ya kushika kopo. Mizizi iliyozama maji hulegeza majani sawasawa na mizizi iliyokauka, na wengi huua kwa kuongeza maji.

Jifunze uzito. Inua chungu kimoja mara tu baada ya kumwagilia, kisha ukiinue tena kila asubuhi. Kikipungua karibu nusu ya tofauti kati ya uzito wa kilicholoa na wa kilichokauka, mwagilia. Kwa chungu cha lita 23, lita 1.5 hadi 2 zikimwagwa polepole kwa duara hutosha, bila maji kutiririka chini. Udongo hai ukisuuzwa mara kwa mara hupoteza lishe uliyoitunza mwezi mzima. Juu yake weka matandazo ya nyasi kavu, sentimita 3.

Klorini ya kawaida hutoka maji yakikaa wazi siku nzima. Kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haitoki hivyo. Nusu gramu ya vitamini C safi kwenye lita 100 hutosha kuizima katika maji yenye kiasi cha kawaida.

Kuoza kitako ni ugonjwa wa maji kuliko wa mbolea. Doa la kahawia lililobonyea kwenye ncha ya tunda hutokea kalisi inaposhindwa kufika, na hushindwa kufika udongo ukikauka kabisa kisha ukalowana ghafla, au hewa ikiwa na unyevu mno mmea usipumue. Ukiongeza kalisi bila kurekebisha umwagiliaji, doa litarudi kwenye kundi linalofuata.

Kupogoa na kusubiri

Mche ukifika pingili ya sita au ya saba, kata ncha juu ya pingili ya tano. Matawi mawili hadi manne hushika uongozi. Baki na manne, yaliyoelekea pande tofauti, uyafunge kwa uzi laini yalale kidogo nje ili kimo kiwe kimoja. Ondoa machipukizi yote yaliyo chini ya pale yanapogawanyika.

Kisha huja sehemu inayoumiza moyo: kutoa maua. Kila ua linalotokea kabla ya siku uliyopanga linyofolewe kwa kucha, likiwa bado tumba. Lile la kwanza kabisa kwenye makutano ya matawi liondoke bila huruma, maana tunda lake hukaa limebanwa na kupinda. Kwa wiki mbili hadi tatu mmea hutumia nguvu zake kwenye mizizi na mashina. Siku dirisha la maua uliyoyapanga linapofunguliwa, maua hutoka kwa wingi na kwa pamoja, nacho ndicho ulichokuwa unakisubiri.

Siku chache kabla ya dirisha hilo, rudishia lishe: konzi mbili za mbolea ya minyoo kwa kila chungu, na kijiko kikubwa kimoja cha unga wa mwani, chini ya matandazo. Usiongeze mashudu sasa. Nitrojeni nyingi wakati huu hutoa majani mapana ya kijani kibichi sana na maua yanayodondoka.

Maua: siku kumi na mbili zinazoamua

Ndani ya nyumba hakuna nyuki wala upepo. Ua la pilipili lina sehemu za kiume na za kike pamoja, linajichavusha lenyewe, lakini linahitaji kutikiswa. Litazame kwa karibu. Linapofunguka asubuhi, vifuko vya chavua huwa vya zambarau-samawati, vimefunga, viking'aa. Baada ya saa chache hupasuka kwa mstari wa pembeni na unga wa rangi ya krimu huonekana kingoni. Huo ndio wakati. Gusisha mgongo wa mswaki wa umeme kwenye kikonyo, nyuma ya ua, sekunde mbili au tatu. Ukiweka karatasi nyeusi chini utaona vumbi likianguka.

Fanya hivyo kila siku mchana, maua yote, kwa siku 12. Usiruke siku: tunda lililochavushwa nusu huwa na mbegu chache, na lenye mbegu chache hukua dogo au kupinda upande. Unyevu ukizidi asilimia 80 chavua hushikana. Ukishuka chini ya 40 hukauka kabla ya kufanya kazi. Joto likipita nyuzi 33 mchana, au usiku likishuka chini ya 15, maua hudondoka hata ukitikisa namna gani.

Siku tatu au nne baadaye soma majibu kwenye kikonyo. Kikiwa kijani, kimenenepa na kuinama, tunda limefunga. Kikianza njano pale kinapoungana na tawi, ua hilo limekwenda.

Funga uzi wa rangi kwenye vikonyo: mwekundu kwa siku nne za kwanza, mweupe kwa nne zinazofuata, wa bluu kwa nne za mwisho. Unaonekana kama utoto, lakini siku ya kuchuma uzi mmoja hukupa kundi la umri mmoja bila kubahatisha. Baada ya siku ya 12, anza tena kunyofoa maua mapya. Acha matunda 25 hadi 30 kwa kila mmea, ukitoa yaliyopinda, yenye kovu na yanayosuguana na tawi yakiwa bado saizi ya njegere.

Kwa shindano la ukali, kapsaisini hufika kileleni kati ya siku 40 na 60 baada ya kufunga. Ukame mdogo katika kipindi hicho, udongo ukiachwa ukauke zaidi bila majani kulegea kwa muda mrefu, huongeza ukali. Kwa shindano la umbo usijaribu hilo, ngozi hukunjamana.

Wadudu, bila sumu

Vidukari hujificha chini ya majani machanga. Sabuni ya potasiamu, mililita 10 kwa lita, ipuliziwe chini ya jani taa ikiwa imezimwa, irudiwe baada ya siku nne mara tatu. Utitiri mpana ni mbaya zaidi na hauonekani kwa macho: ncha mpya hutoka ngumu, nyembamba, zimejikunja na kung'aa kama shaba, na wengi hudhani ni upungufu wa kalisi. Tumia lenzi ya mara 30 au zaidi. Dawa ni salfa ya kulowanika kabla ya maua, au utitiri mwindaji Amblyseius swirskii, ambaye pia hula vithiripi (wadudu wadogo wafyonzao majani) wachanga. Usiweke vyote viwili, kwani salfa huwadhuru wawindaji. Wala salfa isifuatane na mafuta ya mwarobaini ndani ya wiki mbili, maana majani huungua.

Vijinzi vya udongo huashiria unyevu mwingi juu. Kausha tabaka la juu na utumie bakteria Bacillus thuringiensis aina ya israelensis kwenye maji ya kumwagilia. Ubwiri unga wa pilipili huanza kama madoa ya njano juu ya jani huku unga ukiwa chini. Toa majani hayo na uongeze mzunguko wa hewa.

Andika kila ulichotumia na tarehe yake. Kwenye vitengo vya kilimo hai, daftari hilo ni sehemu ya ushahidi wako.

Kuchuma na kupanga sahani

Anza kuchuma siku mbili kabla, asubuhi, kwa mkasi mkali, ukiacha kikonyo cha sentimita 2. Kikonyo kikichanika kwenye kikombe cha kijani, tunda hilo ni la jikoni. Vaa glavu za nitraili, na usijiguse macho. Kapsaisini haitoki kwa maji matupu.

Chuma mara tatu ya idadi inayotakiwa, yote ya uzi mmoja. Yahifadhi nyuzi 8 hadi 10 ndani ya kitambaa chenye unyevu kidogo. Jokofu la nyuzi 4 huacha madoa yaliyobonyea baada ya kuyatoa. Yenye kona ya kijani huweza kukolea yakiachwa nyuzi 22 hadi 25 karibu na ndizi mbivu, lakini tu ikiwa yalishaanza kugeuka rangi mtini.

Futa kwa kitambaa laini chenye maji. Mafuta ya kung'arisha yaache. Jaji huyahisi kwa kidole. Panga matunda yote kwa safu kwenye karatasi nyeupe, pima urefu na upana, kisha ondoa yanayotofautiana, ukianzia na kubwa kuliko yote. Yanayobaki yaangalie vikonyo: viwe vya kijani, urefu mmoja, vikielekea upande mmoja. Beba mbili za akiba kwenye kontena tofauti, maana barabara mbaya huchubua ngozi, na nafasi ya kubadilisha hufungwa majaji wakishaingia ukumbini.